Ushuhuda wa Pikipiki Mlimani

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Mimi, kinyozi wa Durban, nimepanda Sani Pass, ile barabara ya mlimani ya kwenda Lesotho, kwa pikipiki! Nikaeleza mawe, barafu na kona zinazochungulia shimoni. Mama Furaha, ambaye binti yake namtaka, akapiga kelele, "Alleluia!"

Sikusema kwamba kwenye kona ya tatu nilianguka, nikalia, nikapakiwa pamoja na pikipiki yangu kwenye pikapu ya Mrundi mmoja mpeleka mitumba. Kwa shukrani nikamwalika kanisani. Mjinga mimi.

"Mungu mwenyewe alinishikia usukani!" nikanguruma.

Mlango ukafunguka. Mrundi yule akaingia na helmeti yangu mkononi.

"Pardon, ndugu, ulisahau hii garini. Nimeiosha mara mbili, lakini harufu ya matapishi yako bado iko."