Gunia la Baba

Leo gunia limefunguliwa mbele ya majirani wote, na mimi ndiye niliyekuwa nimewaambia walete sufuria.

Baba ni mvuvi huko ziwani. Akija kunitembelea hapa Kericho, lazima alete samaki. Kila mara.

Basi tulipomwona akipanda kilima na gunia begani, Mama Chebet wa mlango wa pili akawasha jiko kabisa.

Gunia likafunguliwa.

Nyavu. Nyavu peke yake, imekauka kabisa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Magugu maji yamefunga ghuba," baba akasema. "Upepo unayaleta tu, hauyarudishi. Boti imekaa nchi kavu mpaka mbao zimeachana."

Mama Chebet, kuokoa hali, akasema, "Pole mzee. Si hiyo ingefunika vifaranga vyangu? Mwewe wananimalizia."

Nikajua sasa baba atawaka.

Hakuwaka. Aliomba kisu, akaikata mwenyewe. Nyavu iliyonisomesha, jamani!

Saa hii amekaa mlangoni anaangalia shamba la majani chai. Ameniuliza kama kesho naweza kumpeleka kwa supavaisa, aandikwe kazi ya kuchuna.

Sijamwambia kwamba siku hizi wanachuna na mashine. Sijamwambia kwamba tangu zije, mimi mwenyewe sijaitwa kazini.

Nimempa chai. Amekunywa kidogo, akaniangalia, akauliza, "Kwani wewe leo huendi kazi?"

Nyinyi mngemjibu nini?