Mboga Isiyomaliziwa

Mpaka leo nikisikia mtu akisema "mboga" halafu asimalizie, damu inanichemka. Neno hilo dogo karibu liniulie mbwa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeachia shule darasa la nane, kazi yangu kuchuna majani chai yetu huko nyuma ya mji wa Litein na kuota kwamba siku moja nitafuga mbwa kumi. Nilikuwa na mmoja tu, mbavu nje kwa kula ugali mtupu. Daktari wa mifugo alipokuja kutibu ng'ombe wetu, nikamwuliza nifanyeje.

"Mpe mboga pia," akasema, akifunga begi. Basi. Akapanda pikipiki, akaenda.

Sasa kwetu mboga ni nini? Ni chochote kinachoteremsha ugali. Na shangazi yangu, aliyekuwa mpishi wetu, hajui mboga bila kitunguu. Kabichi yake nusu ilikuwa vitunguu. Kila jioni nilikwangua sufuria, vyote vilivyoshika chini nikampa mbwa. Alivipenda, maskini!

Wiki haikuisha akashindwa kusimama. Ufizi mweupe, mkojo rangi ya chai isiyotiwa maziwa.

"Umemdekeza," shangazi akacheka. "Kesho utambeba mgongoni."

Nilikimbia hadi sokoni, alikokuwa na duka la dawa, nikamrudisha daktari.

"Amekula nini?"

"Mboga, vile ulisema."

"Ya kitunguu? Wewe! Kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kila mtu anajua."

"Sumu?" shangazi akaruka. "Mimi nakila tangu nizaliwe na bado nabeba gunia la majani!"

Kila mtu! Kila mtu gani? Kutoka kwetu mpaka mtoni aliyejua ni yeye peke yake, na alinyamaza. Nilimwambia hivyo, machozi yakinitoka. Akaangalia viatu vyake. Kisha akaeleza polepole: karoti, malenge, kabichi kidogo, vichemshwe kwa maji tu. Kitunguu hapana, chumvi hapana, mafuta hapana.

Nikaficha sufuria ya kumpikia mbwa shangazi asiiguse. Siku nyingi mbwa alilala kwenye gunia nikimlisha malenge kwa mkono, mpaka asubuhi moja akainuka kufukuza kuku.

Baadaye, nikichuna chai, nikamsikia daktari ng'ambo ya ua akimwambia mama jirani, "Huyo mbwa mpe mboga."

"Malizia, daktari!" nikapiga kelele.

Akainua kichwa juu ya ua, akaniona.

"Bila kitunguu, mama," akasema. "Ya kuchemsha tu."