Kipande Nilichokifunga Mimi

Wacha niseme mapema kabla mtu mwingine hajanisemea: nilichomoa spoku kwenye kipande cha dada yangu nikaenda kuchomea soseji.

Hata hazikuwa soseji za maana. Zilikuwa zile zilizovunjika, ambazo mwenye kibanda kando ya reli huwapa watu waliomsumbua vya kutosha, na sisi tulikuwa tumemsumbua vya kutosha. Moto tulikuwa nao. Kitu cha kudungia hatukuwa nacho. Nikawaambia wenzangu, "Tulieni, mko na mtu hapa," nikatoka mbio hadi kwetu. Chini ya kitanda cha mama palikuwa na kikapu chake cha kufumia, na ndani yake spoku mbili za baiskeli zilizonolewa ncha, kwa sababu akina mama wa mtaa wetu wa Soweto West hawanunui sindano za dukani wakati baiskeli bado zinakufa. Spoku moja ilikuwa imekaa bure. Nyingine ilikuwa imebeba vitanzi vya kazi ambayo haijaisha. Mimi nikavuta iliyobeba kazi. Usiniulize kwa nini. Ndiyo ilikuwa juu.

Niliporudi, midomo ikiwa bado na mafuta, nilikuta vitanzi vimeanza kukimbia. Kimoja kimeshuka, cha pili kinakifuata. Nikashika sindano ya kushonea magunia, nikapitisha uzi katika vyote kabla havijaisha, nikavuta taratibu, nikapiga fundo. Nikaliangalia, sikuliamini, nikapiga lingine juu yake. Kipande kikatulia. Nikajipongeza kabisa. Nikafuta spoku kwa shati la shule na kuirudisha ndani ya kikapu, na tangu hapo kikapu chote kikawa kinanuka choma.

Kama hujui kile kipande kilikuwa cha nini, utaniona mjinga wa kawaida tu.

Zahanati yetu ipo tangu kabla sijazaliwa, ila sasa ina chumba kipya cha kujifungulia. Najua, kwa sababu siku kilipozinduliwa sisi wanafunzi tulipelekwa kuimba juani, watu wenye suti wakakata utepe, kisha wakakata keki ambayo haikufika upande wetu. Ukuta ulipakwa rangi ya waridi. Kilikuja kitanda kipya. Shida ni kwamba geti, vilevile kama zamani, hufungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi, na watoto walio tumboni hawajafundishwa siku za wiki.

Akina mama walilalamika. Wakaambiwa waandike. Wakaandika, wakaambiwa wangoje. Ndipo mama mmoja muuza omena kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo, mwenye sauti inayofika mtaa wa Silanga bila kupanda kilima, alipowaambia wenzake, "Karatasi wanaitia droo na kufunga. Tuwapelekee kitu ambacho hakiingii kwa droo."

Wakapima geti. Kweli, walienda na kamba wakalipima, askari akidhani wanataka kuliiba. Kisha wakaanza kufuma blanketi la ukubwa wa geti lile, kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa cha mwanamke aliyefika pale na uchungu akakuta limefungwa. Walikuwa wengi kuliko nilivyofikiria. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Kipande chake kilikuwa changu. Nilizaliwa kwenye benchi la fundi viatu ng'ambo ya barabara, na kama umewahi kujiuliza kwa nini niko hivi, hiyo ndiyo sababu.

Uzi haukununuliwa. Walifumua sweta kuukuu, nyingi za shule. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye stuli, mikono mbele, mama akinizungushia uzi kama mtu anayemfunga mwizi. "Leta mikono," alikuwa akisema, na hapo kucheza mpira siku hiyo kumeisha. Ningejitetea vipi? Nilikuwa nafunga macho na kuigiza sauti ya pasta wetu: "Ee Baba, twakuletea sweta hii, iliyochakaa kwapani..." Akina mama wanavunjika mbavu. Mama ananipiga kwa mpira wa uzi. "Usinichekeshe, nitakosea."

Kwa wenye mimba kulikuwa na desturi, na hakuna aliyejua nani aliianzisha. Mwanamke mjamzito anafuma kipande chake mpaka mwisho, lakini hakifungi. Kinabaki na vitanzi wazi, juu ya spoku. Mtoto akishazaliwa na kulia, wenzake wanakuja nyumbani, wanakunywa chai, na yeye mwenyewe anakifunga mbele yao. Halafu ndio kinashonwa na vingine. Kukifunga kabla mtoto hajalia hakukufanywa. Hakuna aliyekataza. Ni vile tu hakukufanywa, kama vile hupigi mluzi matangani.

Na kipande nilichochomoa spoku kilikuwa cha dada yangu, mwenye mimba ya kwanza.

Alikuwa anaishi mtaa wa Kawangware na mume wake. Mume alipata kazi ya mjengo Machakos, na kliniki ilikuwa imemwambia dada ana presha, asithubutu kuzalia nyumbani, azalie mahali penye nesi. Mama akasema basi mtoto wa kwanza azaliwe karibu na bibi yake. Kwa hivyo dada akarudi kwetu na begi la mtoto lenye zipu ya manjano, akachukua kitanda changu, na mimi nikahamia sakafuni.

Dada ndiye mtu pekee ambaye hucheka mzaha wangu wote, hata ule mbovu. Tangu utotoni. Mwalimu akinifukuza darasani, nilikuwa nakimbilia kwake kumsimulia. Wiki ile vidole vyake vilikuwa vimevimba hata pete ikakataa kutoka, kwa hivyo hakuwa akigusa kikapu. Nilimshukuru Mungu kwa vidole vile kuvimba. Hilo nalo nalisema mapema.

Uchungu ulianza Jumamosi, kabla ya chakula cha mchana. Ungeanza siku ya kazi ningekuwa na hadithi fupi.

Tulimshika mimi upande mmoja, mama upande mwingine, tukashuka naye polepole hadi zahanati; tulijua ni Jumamosi, lakini hospitali ilikuwa mbali na gari hatukuwa nalo. Muuza omena akatuona, akaacha samaki wake kwa jirani na kuja. Geti lilikuwa na mnyororo. Askari hayupo. Mama akaita. Muuza omena akaita, na yeye akiita unajua umeitwa. Hakuna kitu. Mama akapiga ile namba ya ambulensi iliyoandikwa ukutani. Ikamwambia mteja hapatikani.

Nikawaambia, "Nishikieni viatu." Nikaparamia geti na kuruka ndani.

Sijui nilifikiri nitapata nini. Nilibisha kila mlango. Wa dawa, wa kadi, wa choo. Paka alitoka chini ya benchi akaniangalia kama mimi ndiye niliyechelewa. Kwenye chumba cha waridi niliweka uso dirishani, nikakiona kitanda. Kilikuwa bado kimevaa nailoni yake, vile kilivyotoka kiwandani, hata kibandiko hakijabanduliwa.

Nikarudi getini. Dada alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye chuma, jasho limemtoka. Nikachutama upande wangu, nikamsemesha kupitia kwenye vyuma.

"Sistee, karibu. Mimi ndio daktari wa zamu."

Akacheka. Kwa kweli akacheka. "Wewe? Si afadhali paka."

"Paka ameenda chai. Kuna nini, mgonjwa, unaumwa wapi?"

"Kichwa," akasema, na hakuwa anacheka tena. "Kichwa kinauma vibaya. Sikuoni vizuri."

Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Nikaingiza mkono kati ya vyuma, nikamshika bega, na huo ndio ulikuwa msaada wangu wote. Mzaha uliniisha. Sijawahi kuishiwa, hata siku nilipofumaniwa nikiwa nimekaa kwenye kiti cha naibu wa mwalimu mkuu, lakini hapo uliisha kabisa. Nikawaza fundo langu. Nikawaza, limekazwa mara mbili.

Askari akaja akipangusa mdomo. Alikuwa ameenda kula, na hata sasa siwezi kumchukia, watu hula. Muuza omena akamrukia: "Baba, fungua! Unaona mtoto wa watu!"

"Mama, geti nitafungua," askari akasema, akitafuta funguo mfukoni. "Lakini nikishafungua, nani atamzalisha? Mimi?"

Mama akavua kanga yake.

Mtu mmoja wa kubeba maji akashusha mitungi kwenye mkokoteni wake, bila kuulizwa, na tukampandisha dada juu ya kanga ya mama. Mimi nilikuwa bado ndani. Askari akanifungulia. "Na wewe uliingiaje?" akaniuliza. Kwa hivyo isisemwe kwamba geti halikufunguliwa Jumamosi ile. Lilifunguliwa, ili mimi nitoke.

Tulisukuma mpaka barabara kubwa. Mkokoteni ukikwama kwenye mtaro tunainua, dada anauma kanga. Teksi ikapatikana, dereva akataka kujua kama damu itachafua kiti, muuza omena akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wakaingia dada, mama na muuza omena. Mlango ukafungwa. Nikakimbia nyuma ya gari mpaka lilipoingia kwenye msongamano wa pale juu, na nilipotaka kulifikia likapata nafasi na kwenda. Nikabaki nimesimama na patipati ya mguu mmoja wa dada mkononi. Watu wakinipita. Mmoja akaniuliza kama naiuza.

Mama alirudi kesho yake mchana, peke yake, na lile begi. Zipu ya manjano haikuwa imefunguliwa. Akaliweka juu ya kitanda, akakaa kando yake.

"Dada yako yuko," akasema. "Mtoto hakulia."

Nikaenda kusimama nje.

Siku ambayo mkubwa wa afya alitarajiwa zahanati, akina mama walipeleka blanketi. Walilifunga kwenye geti kwa nyuzi. Lilikuwa zuri, siwezi kudanganya: kahawia ya shule moja, kijani ya nyingine, bluu, maruni ya sweta yangu ya darasa la sita. Nafasi ya dada waliiacha wazi. Hawakujua waifanyeje. Desturi ilisema mtoto akilia, haikusema asipolia, na walikuwa wamekaa jioni nzima kuizungumzia bila kufika popote. Kwa hivyo palikuwa na tundu la mraba, na ukisimama mbele yake, kupitia hapo unaliona dirisha la chumba cha waridi.

Mkubwa alishuka kwenye gari. Akashika blanketi, akalisugua kwa vidole.

"Hii kazi ni safi sana, akina mama. Mmewahi kufikiria maonyesho? Watalii wanapenda."

Mama akamwambia, "Hatuuzi. Tunaomba nesi wa Jumamosi na Jumapili. Na gari."

"Nimewasikia, mama. Lakini mnajua mambo ya bajeti. Tutalishughulikia." Akageuka, akaona tundu, akacheka kidogo. "Hapa uzi uliisha?"

Mimi ndiye mtu wa majibu. Darasa zima lilikuwa pale, wote wakaniangalia, wakingoja nimvunje. Mimi nikageuka kukaza uzi uliolegea pembeni ya tundu. 

Mkubwa alipiga picha na blanketi, akaenda. Jumamosi iliyofuata geti likawa na mnyororo kama kawaida. Juu ya mnyororo, blanketi.

Dada alipotoka hospitali alirudi kwake Kawangware, na baadaye tukaenda kumwona. Mume wake alikuwa amerudi, amekaa nje ya mlango akichonga kijiti bila kukitengeneza kitu. Mke wa mwenye ploti alikuwa ameleta uji. Dada alikuwa amejilaza, kifua amekifunga kanga kwa nguvu. Maziwa yalikuwa yanakuja, mama alinieleza njiani ili nisiulize upuzi. Nilikuwa nimebeba mizaha kadhaa, nimeifanyia mazoezi. Sikuitoa.

Dada akasema, "Mama, umekuja na kile kipande changu?"

Mama akafungua kikapu, akakitoa. Ndipo kwa mara ya kwanza akakiangalia vizuri. Akapitisha kidole kwenye ukingo, akafika kwenye fundo, akasimama hapo.

"Hii imefungwa," akasema. "Nani amefunga hii?"

Ningeweza kunyamaza. Panya, jirani, shetani, washukiwa walikuwa wengi. Nikawaambia. Soseji, spoku, sindano ya magunia, fundo mara mbili. Nikawaambia ilikuwa Alhamisi, kabla ya Jumamosi ile. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtoto wa chekechea. Nikasema, "Ni mimi nilifunga. Mtoto hakulia kwa sababu nilifunga."

Dada alikuwa anaangalia mabati ya dari. Nje, kijiti kiliacha kuchongwa. Kisha dada akanyoosha mkono, akachukua kipande, akakinusa.

"Ndio maana inanuka choma," akasema, na mdomo wake ukataka kucheka, ukashindwa, akageukia ukutani.

Mama akakichukua kutoka mkononi mwake. Akauma lile fundo kwa meno, mara moja, mara ya pili, mpaka likaachia. Akaupata mwanzo wa uzi, akauvuta, safu ya juu ikaanza kutoka, kitanzi kimoja kimoja. Akavuta stuli kwa mguu na kuiweka mbele yake. Hakuniangalia.

"Wewe na ujinga wako wote, huna nguvu hizo," akasema. "Kaa hapa. Leta mikono."