Barua ya Nyevu kwa Nyevu

Mambrui nzima ilimjua kwa jina la Faida, jina alilopewa na waliomchukua. Jina lake hasa, Nyevu, alilificha miaka hamsini kama mtu anavyoficha kidonda. Mwaka wa njaa kuu baba yake alishuka naye kutoka bara, akamweka rehani kwa kikapu cha mtama, akaapa kuja kumkomboa mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha, baba hakuonekana. Mtoto akawa mtumwa, akakua, akaolewa, akamzaa Tufaha, na Tufaha akaambiwa kwamba mama ni mzalia wa papo hapo. Aibu ya kubadilishwa kwa nafaka utamwambia nani?

Serikali ilipotangaza kuwa utumwa umekwisha, wenziwe walipiga vigelegele. Yeye alikuwa ameanza kusahau: leo chumvi, kesho njia ya kisimani. Aliogopa sana. Basi akaenda kwa Mwalimu Shekue, aliyeandikia watu barua, na wagonjwa akiwaandikia makombe, yale maneno ya Mungu yanayooshwa kwa maji yakanywewa.

"Shikamoo, mwalimu. Niandikia waraka."

"Marahaba. Wenda kwa nani?"

"Kwangu mimi. Akili ikinipotea, nisomewe."

Mwalimu alicheka, kisha akayaona machozi, akachovya kalamu. *Wewe ni Nyevu wa Mwambire. Mama yako ni Dena. Kwenu ni juu ya mto Sabaki, mwendo wa siku mbili, na huko una ndugu, Kaingu. Ukisomewa haya, mtume mtu akamwambie u hai. Usife mgeni.*

Alimwapisha mwalimu asitoe siri, naye hakuitoa. Mwalimu alikufa nayo kabla ya Ramadhani. Karatasi ikakaa ndani ya kijaluba cha Nyevu, kile kikebe chake cha tambuu.

Mwaka wa pili homa ilimshika Nyevu, siku saba hajitambui. Tufaha, ambaye hakujua kusoma, alipekua vitu vya mama yake akakuta karatasi yenye mkono wa marehemu mwalimu. Angedhani ni nini kama si kombe? Akaiosha kwa maji na marashi hata wino ukatoka wote, akamnywesha mgonjwa kwa bismillahi.

Homa ikashuka. Siku ya tatu mama akaketi, akapapasa kijaluba.

"Karatasi yangu i wapi?"

"Uliinywa, mama. Ndiyo iliyokuponya."

"Ule ulikuwa waraka wangu!" Nyevu akalia kwa uchungu ambao Tufaha hakupata kuuona kwake hata siku ya msiba wa baba. "Mlikuwa na watu wangu mle."

Tufaha naye akaangua kilio. "Tutaandikisha mwengine, mama. Nambia watu gani. Jina moja tu, nitakwenda mwenyewe."

Nyevu alifungua kinywa. Aliuona mto, akamwona mwanamke amesimama akimtazama anavyoondoka. Jina la yule mwanamke alilitafuta mpaka jasho likamtoka, lisije.

Alizikwa mwezi wa Rajabu kwa jina la Faida. Hakuna aliyetumwa kumwambia Kaingu.