Mashine ya Kusoma Sidii Moja

Scholastique, ambaye sisi watu wa Grand Prairie, hapa Texas, tunamwita Mama Fanny, si mtu wa makelele. Kazi yake ni kufunga maboksi kwenye ghala, mwaka wa tisa huu, na wasimamizi wanampenda kwa kuwa hachelewi na hajibizani. Kanisani anakaa benchi la tatu. Ukimkosea hatakwambia kitu. Atakusalimu vizuri, atakuuliza habari za watoto, kumbe jina lako ameshaliweka mahali, na huko alikoliweka halipati kutu.

Jina la Zéphyrin lilikaa huko miaka minane.

Mambo yalianzia kambini Tanzania, walikokimbilia vita ilipowatoa kwao Fizi, Kongo. Mume wake, Florent, alikuwa mpiga gitaa wa kwaya, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha. Ndiye aliyetunga wimbo ule ambao leo Wakongo wote wa Texas wanaujua: Tulitokea mlango wa nyuma, Bwana atatupokea mlango wa mbele. Aliutunga akikumbuka siku waliyoacha nyumba yao, yeye na gitaa, Scholastique na Fanny mgongoni na sufuria kichwani. Mwaka 2011 kifua kikamshinda Florent, wakamzika palepale kambini.

Zéphyrin alikuwa kiongozi wa kwaya hiyo. Alitangulia Amerika, akakaa Stafford, upande wa Houston, akaifufua kwaya kwa jina lake lilelile, Mapambazuko. Scholastique naye alipofika, alikuwa na sidii mbili zinazofanana za sherehe ya kwaya ya mwaka 2008, ndani yake Florent anaimba. Zéphyrin akaja kumsalimu, akala fufu, akaomba sidii moja akaitoe nakala. Mwezi ukapita. Akapiga simu kusema imepotea wakati wa kuhama nyumba. Mwaka uliofuata wimbo ukatoka mtandaoni, umerekodiwa vizuri, watu wamevaa suti nyeupe, na chini yake pameandikwa: mtunzi, Zéphyrin.

 Tangu siku ile Mama Fanny alikula yamini kwamba hataisikiliza sauti ya mume wake mpaka jina lake lirudi kwenye wimbo. Sidii ya pili aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka chini ya mashuka.

Mwaka huu Mapambazuko ikatangaza jubilei ya miaka ishirini. Akampigia Zéphyrin simu.

"Ndugu Zéphyrin, nasikia muko na jubilei."

"Ndiyo, Mama Fanny. Uje, uje kabisa. Tutakukalisha na wamama wa heshima."

"Kwenye programu mumeandika wimbo ni wako."

Yule bwana akakohoa kidogo. "Ee, hayo ni mambo ya vijana. Na unajua, marehemu na mimi tulikuwa kama mtu mmoja. Yeye akitoa neno, mimi natoa sauti."

"Mimi niko na ile sidii ya pili."

Hapo Zéphyrin akacheka. "Mama, sidii za kambi hazisomwi tena na kitu chochote hapa Amerika. Ordinatere, hizi kompyuta za leo, hazina hata tundu lake. Weka tu kama kumbukumbu."

Kama angekana tu, pengine mambo yangeishia kwenye simu. Lakini kicheko kile kilimkata maini. Akaweka simu chini, akaosha vyombo vyote, hata visafi, kisha akamwita binti yake.

"Fanny, nitafutie mashine inayosoma sidii."

Fanny anahudumia wazee kwenye nyumba za watu, ni msichana mwenye moyo laini kama wa baba yake. Akaleta deki kuukuu kutoka duka la mitumba. Deki ikaivuta sidii, ikaiguguna, ikaitema. Fanny akaeleza kwamba aliyeitengeneza sidii kule kambini aliiweka kama mafaili ya kompyuta, kwa hiyo lazima ipatikane laptop, tena ya zamani, yenye kile kidroo cha pembeni.

"Mama, lakini kwa nini usimu-forgive tu?"

"Nitamsamehe. Kwanza nimuaibishe."

Basi wakaanza kuzunguka. Dukani kijana muuzaji aliwaonyesha laptop nyembamba kama sahani. Mama Fanny akawa anazigeuza moja moja, anazipapasa mbavuni kama mtu anayekagua mbuzi, anazirudisha. Kwenye soko la Jumamosi walipata moja yenye kidroo, ila kidroo chenyewe kimebandikwa gundi, na mwenye mali akasema hajui kwa nini. Jubilei ilikuwa imebaki siku saba. Ndipo Mtanzania mmoja wa kazini akamwelekeza kwa Sospeter, fundi anayefufua kompyuta ndani ya gereji yake, mji wa jirani wa DeSoto.

"Shikamoo mama," akasema Sospeter.

"Marahaba, baba. Nataka mashine."

"Ya kuingia mtandaoni?"

"Hapana."

"Ya kuandikia? Ya mahesabu?"

"Hapana. Ya kumsikiliza mtu mmoja, dakika moja. Iwe na droo ya sidii, na iwe na tundu la waya unaopeleka picha kwenye ukuta wa kanisa. Mengine yote yakifa, sina habari nayo."

Sospeter akacheka, akavuta chini ya meza laptop moja nzito kama tofali. Betri ilishakufa, inataka waya wa umeme muda wote. Vitufe vitatu vimeng'oka. Lakini alipobonyeza pembeni, kidroo kikatoka polepole kama ulimi.

"Dola arobaini. Ila mama, mimi ningekushauri nikuhamishie hiyo sidii kwenye flashi. Dakika tano tu, bure. Huna haja ya kubeba tofali hili."

Mama Fanny akaukumbatia mkoba wake. "Mwingine aliniambia hivyohivyo. Sidii hii haitoki mkononi mwangu."

"Basi weka mwenyewe," akasema Sospeter, akarudi nyuma hatua mbili ili aone kwamba hagusi kitu.

Akaiweka. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Kisha picha ikafunguka: mahema, vumbi, kwaya imejipanga na vitenge vya kijani. Mbele kabisa Zéphyrin, kijana mwembamba, kipaza sauti mkononi. Na kama ilivyokuwa desturi ya kwaya za kambini, kabla ya kila wimbo kiongozi anamtaja mwenye wimbo. Zéphyrin akasema kwa mdomo wake: "Wimbo huu umetungwa na ndugu yetu Florent, mume wa dada Scholastique. Mimi nilichangia makofi tu." Watu wakacheka. Nyuma yake mtu mmoja akaanza kurekebisha nyuzi za gitaa.

"Simamisha," akasema Mama Fanny.

"Mbona wimbo ndiyo unaanza?"

"Simamisha hapohapo."

Jumamosi ya jubilei Fanny aliendesha gari kwa muda wa saa nne na nusu kwenda Stafford, mama yake nyuma na laptop mapajani kama mtoto mchanga. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu wametoka hata Fort Worth. Mama Fanny alikalishwa na wamama wa heshima, akapewa maua. Zéphyrin akamkumbatia mbele za watu.

Sasa, kwa Wakongo kuna kitu ambacho hata mchungaji hawezi kukizuia, nacho ni saa ya ushuhuda. Mjane akinyoosha mkono, atapewa kipaza sauti. Mama Fanny akanyoosha.

Akashukuru Mungu kwa safari. Akashukuru kwaya. Kisha akasema, sauti tamu kabisa: "Ndugu Zéphyrin, watoto wetu hawajui wimbo huu ulitoka wapi. Utusimulie ulivyoutunga."

Zéphyrin akasimama. Akasimulia hema, akasimulia mvua, jinsi Roho alivyomshukia akiwa peke yake, maneno yakaja yenyewe, machozi yakamtoka. Yalikuwa maneno ya Florent, hata mvua ilikuwa ya Florent. Watu wakasema amina. Mama Fanny akamwacha amalize. Akamwacha hata afute jicho.

"Aksanti," akasema. "Sasa ninaomba ule ukuta."

Ushindi, kijana wa mitambo, akaja. "Mama, nipe flashi."

"Sina flashi. Niko na ordinatere."

Fanny akaitoa ile mashine, akachomeka umeme, akachomeka waya wa picha. Zéphyrin alipoona kidroo kinatoka, tabasamu likamganda usoni. Hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa alikuwa bado amesimama. Ukutani akatokea yeye mwenyewe, kijana, mkubwa kama mlango, na ukumbi mzima ukamsikia: "Mimi nilichangia makofi tu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Binti yake Zoé, aliyekuwa kwenye mstari wa kwaya, akamtazama baba yake, kisha akatazama viatu vyake.

Mama Fanny alikuwa amepanga kusimamisha hapo. Lakini kitufe cha kusimamisha kilikuwa mojawapo ya vile vilivyong'oka. Kwa Sospeter ni Sospeter aliyejua pa kubonyeza. Akapapasa, akapapasa, na gitaa likaanza, na sauti ya Florent ikaingia ndani ya ukumbi, ile sauti yenye kikohozi kwa chini. Akaacha kupapasa.

Watu wakaanza kuimba pamoja naye. Zéphyrin naye akaona mlango wa kutokea. Akainua mikono yake miwili kama kiongozi, aongoze.

Mama Fanny akashika kipaza sauti.

"Wewe, keti," akasema, taratibu tu. "Huu unaimbwa na mwenyewe."

Zéphyrin akaketi.

Wakati wa kurudi wakavuka nusu ya njia. Fanny akasema, "Mama, nimemwonea huruma Zoé."

"Hata mimi," mama yake akajibu. "Baba yake simwonei."

Wiki mbili baadaye bahasha ikafika kutoka Stafford. Barua fupi ya kuomba msamaha, na ndani yake sidii ya kwanza, ile iliyopotea katika kuhama nyumba, bado imo kwenye kikaratasi chake, na mwandiko wa Florent juu yake. Mama Fanny akaisoma barua mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya laptop ili meza isiikwaruze.

Hajamjibu mpaka leo. Siku za mapumziko huchomeka ile mashine, husubiri ingurume, na huusikiliza wimbo mpaka mwisho. Kabla ya wimbo huanza na Zéphyrin anayetaja jina la mwenye wimbo. Sehemu hiyo hairuki.