Salamu Zilizomaliza Kadi

Mwanangu, kila unaponicheka kwa kukataa kujirekodi kwenye hizo video zako, mimi huikumbuka siku nilipomkabidhi babu yangu simu, pale kwetu Kiwanjani, ili aniposee Habiba.

Mvua ilikuwa imekata barabara ya Kinna, kwao Habiba, na kijana mwingine wa hukohuko alikuwa amejipanga kwenda kuposa Ijumaa. Nilikuwa sili, silali. Babu alikuwa ameapa hataigusa simu maishani, lakini siku hiyo aliishika kwa ajili yangu, akiwa ameigeuza juu chini.

"Salaam aleikum! Watu nagaa?" akamuuliza babake Habiba.

Hiyo nagaa ni amani, na sisi Waborana amani hatuiulizi kwa jumla. Waliulizwa ng'ombe, ngamia, ndama, kisha nyasi na visima. Walipofika kwa mbuzi, salio likaisha. Nikakimbilia dukani kwa yule mama Mmeru, nikarudi na kadi nyingine, nikaikwangua. Babu akaanza: "Watu nagaa?"

"Babu, si umeshamuuliza!"

"Si tuliachana? Mtu akirudi hasalimii?"

Walipokaribia mbuzi tena, uvumilivu ukanishinda. Nikampokonya simu, nikapaza sauti: "Mzee, sisi tunamtaka Habiba!"

Yule mzee akauliza polepole, "Kwani huko kwenu nyumba inaungua?" Akakata.

Babu hakunigombeza sana. Alisema tu, "Hiki chombo chako kinajua kusema, kungoja hakijui. Na wewe kimeanza kukufundisha." Akachukua bakora yake, akadandia trekta lililokuwa likipeleka unga Kinna, mzee wa umri ule, kwenye matope yale. Alifika Alhamisi. Akasalimia mpaka chai ikapoa, mbuzi wakaulizwa wote, na posa ikakubaliwa.

Habiba ndiye huyu mama yako, unayemtumia picha ya kidole gumba akikuuliza kama umekula.

Babu aliogopa simu, mimi naogopa video, na wewe unaogopa kupokea simu: "Baba, andika tu." Hata wewe watoto wako watakuletea kitu utakachokikimbia, nao watakucheka. Sikukatazi vyombo vyako. Ila mama yako akipiga, pokea, mwache aulize mpaka amalize. Huwa anakaa akiitazama ile simu, na mimi roho huniuma.

Mungu akujalie uzee mwema, mwanangu, na akupe mtoto anayepokea simu.