Kofia ya Reli na Maganda ya Viazi

Ijumaa ndiyo siku yangu ya mapumziko hapa Doha, na ndiyo siku baba hunipigia simu kutoka nyumbani. Anakaribia miaka tisini. Mimi hujilaza katika chumba tunachoishi wanne, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, miguu juu ya mto maana huvimba.

Ijumaa hiyo alikuwa na habari: tangi la maji la stesheni, lile lililonywesha magarimoshi, limebomolewa. Mji wetu uko uwandani, stesheni upande huu, kambi ya jeshi upande ule. Ujanani baba alichochea moto wa garimoshi. Wakati huo askari wa Kizungu walikuwa wanaondoka kambini, wetu wanaingia. Kisha zikaja injini za dizeli, zisizohitaji mtu wa kuchochea moto.

"Niliambiwa nirudishe sare," alisema. "Kofia sikuirudisha."

Hilo sikuwahi kulisikia. Akaniambia alipata kazi jikoni kambini, kumenya viazi na vitunguu, akaona haya kumwambia mama. Mwaka mzima alitoka nyumbani alfajiri na kofia ya reli kichwani, akaivua nyuma ya ghala la mahindi, kisha akavuka reli kwenda kambini.

"Na mama hakujua?"

"Alifua mashati yanayonuka vitunguu mwaka mzima, asijue? Hakuniuliza. Siku moja tu akasema, 'Kesho niletee maganda ya viazi, kuku wana njaa.'"

Alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia, akauliza kama anavyouliza kila wiki, "Wagonjwa wako hawajambo?"

Nilisomea uuguzi, yeye akauza ng'ombe wawili. Huku leseni sikuipata. Miaka mitatu nimekuwa nikimjibu kwamba hawajambo. Siku hiyo nilichoka.

"Baba, sina wagonjwa. Nakunja shuka hotelini, West Bay. Nasimama kutwa."

Nilimsikia akisogeza simu karibu na mdomo.

"Miguu inauma?"

"Inauma."

"Iloweke kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mimi nilikuwa nafanya hivyo."

Tukaagana. Nililia kidogo, si kwa huzuni hasa. Ni kama mtu aliyetua mzigo ndipo akahisi mabega. Halafu nikabandika maji jikoni. Chumvi ilikuwa imekwisha, nikavaa kandambili, nikashuka dukani polepole, ngazi moja moja.